Siku Niliyolilisha Ua la Mwamba Mbolea

Ukipita Migwani siku ya soko na usikie mtu akiitwa Daktari wa Udongo, halafu uone watu watatu wanne wakigeuka wakiziba midomo, usijisumbue kuuliza anayeitwa ni nani, ni mimi. Mwanzoni nilikuwa nazunguka nyuma ya maduka ili nisipite mbele ya wale akina mama wanaouza ndengu, lakini siku hizi napita katikati tu, nainua kofia, naendelea na safari. Nimeamua kuisimulia hii aibu mwenyewe kwa sababu wengine wanaisimulia vibaya, wanaongeza mambo, kuna hata mmoja anasema eti nilikuwa naliimbia lile ua. Huo ni uongo. Niliongea nalo, ndiyo, lakini kuimba sikuimba.

Kwetu ni Iviani, mwendo wa mguu kutoka Migwani, na kitu kikubwa tulicho nacho ni mwamba. Si kilima chenye jiwe juu, ni jiwe lenyewe, kubwa, kijivu, limelala pale tangu Mungu aliweke. Mvua ikinyesha maji yanateremka juu ya ule mwamba, kuna ukuta wa saruji ambao wazee wetu walijenga huko juu unaoyakusanya, bomba linayaleta chini kwenye tangi, na kutoka kwa hilo tangi ndio tunakunywa, sisi na mbuzi na ng'ombe, mpaka mvua ingine. Tangi likikauka akina mama wanaenda mtoni kufukua mchanga, na kwenda na kurudi ni asubuhi yote imeisha. Sasa kampuni moja ya kokoto ikauona huo mwamba ikaupenda. Walitaka kuupasua. Tuliandika barua, tulifanya mkutano, tuliomba kanisani, na chifu msaidizi akatuambia polepole, kama mtu anayempa mgonjwa habari, kwamba habari ya maji haitatosha kwa sababu kampuni imeahidi kutuchimbia kisima. (Visima vya huku tunavijua. Maji yake ni chumvi, hata punda anaonja anakuangalia.)

Wakati tumekata tamaa ndipo akaja Daktari Wanza. Ni mwalimu wa chuo kikuu, binti wa Makueni, mdogo wa umri, kofia kubwa, viatu vya kupanda mlima, na kazi yake ni mimea ya porini. Alizunguka chini ya mwamba nusu siku, mimi na wazee wengine tukimfuata nyuma, halafu akapiga magoti mbele ya ufa mmoja. Pale palikuwa na kitu ambacho tumepita kando yake miaka yote tukidhani ni konge lililopotea njia: majani magumu, yamesimama, chini yake vitu kama vitunguu vimejibana juu ya mchanga, na kwa sababu mvua za Novemba zilikuwa zimeanza kulikuwa na bua refu linalonifikia kifuani, limejaa maua madogo ya kijani na kahawia, kila moja na mdomo mweupe wenye mistari ya zambarau. Akasema hiyo ni okidi, okidi ya ardhini, na kwamba hii aina ameitafuta mpaka amechoka. Akasema kamati ya serikali ya kukagua mazingira ikija ikaona kwa macho yake kwamba inaishi hapa, mwamba hautaguswa na mtu.

"Nitawaleta baada ya wiki tatu, maua yakiwa bado yapo," akatuambia. "Kazi yenu ni moja tu. Lindeni, na lisiguswe."

Macho yote yakageukia kwangu. Wacha nieleze kwa nini. Mwaka huo nilikuwa nimeenda kituo cha kilimo cha Kiboko kwa mafunzo ya udongo, siku tatu, nikarudi na kofia, daftari na kichwa kikubwa. Kuanzia hapo nilikuwa naingia shamba la mtu bila kuitwa, nashika udongo wake, nausugua kwenye kiganja, naunusa, halafu natikisa kichwa. (Kutikisa kichwa ndiyo siri. Hata kama hujui kitu, ukitikisa kichwa polepole mwenye shamba anaogopa.) Jina la Daktari wa Udongo nilipewa wakati huo, na wakati huo lilikuwa jina la heshima, hata Pasta alikuwa ananiita hivyo. Kwa hivyo ulinzi wa ua nikapewa mimi, na mimi nikaupokea nikiwa nimesimama wima.

Sasa, kulinda ua ni kazi ya kuchosha sana kwa sababu hakuna mtu anayekuja kuliiba. Siku ya kwanza unaliangalia. Siku ya pili unaliangalia. Siku ya tatu jioni nikachoka kuliangalia nikaanza kuangalia linakosimama, na hapo ndipo mambo yalianza kuharibika. Niliingiza kidole. Nikakuta mchanga mnene, vipande vidogo vya jiwe vilivyomeguka kutoka kwa mwamba wenyewe, majani mawili matatu yaliyooza, basi. Nikamwaga maji ya kunywa kidogo kutoka kwa chupa yangu, yakapotea kabla sijafunga kifuniko. Nikasugua kwenye kiganja, nikanusa, nikatikisa kichwa, na safari hii nilitikisa kwa uchungu wa kweli.

Lazima mjue sisi ni watu wa namna gani. Kwetu mtu hapandi hata mpapai bila kuchimba shimo na kulijaza mbolea ya mbuzi. Ukipanda mche kwenye mchanga mtupu jirani yako atakuuliza huo mche umekukosea nini. Sasa nikaona hili ua limetubebea mwamba mzima, limetubebea tangi, limebeba maji ya wajukuu wangu, na chakula chake ni changarawe. Moyo ukaniuma. Nikaenda nyumbani, nikachota nusu debe ya mbolea ya mbuzi, ile ya chini kabisa iliyokaa zizini mpaka ikawa laini, nikarudi nikaizungushia pale kwenye shina taratibu. Nusu debe tu. Kama ningeishia hapo leo nisingekuwa nawahadithia.

Mke wangu Mbithe aliniona nikirudi na debe.

"Baba Mutua," akaniita (Mutua ndiye kifungua mimba wetu), "yule msichana alisema nini kuhusu hilo ua?"

"Alisema tulilinde."

"Alisema lisiguswe."

"Sijaligusa. Nimegusa udongo."

Aliniangalia vile huwa ananiangalia, halafu akaendelea kuchambua ndengu zake.

Baada ya siku mbili ncha za majani zikaanza kuwa njano. Mtu wa kawaida hapo angeondoa mbolea. Lakini mimi nilikuwa nimefika Kiboko, kwa hivyo nikajua mara moja kwamba mbolea ni kali na inahitaji maji, nikampakia punda mitungi miwili, nikalinywesha. Maji yakapita yote. Nikasema aha, shida ni huu mchanga, haushiki, nikashuka bondeni nikaleta udongo mweusi, ule wa kunata ambao ukiukanyaga kiatu kinabaki, nikajaza ufa. Hapo maji yakakaa. Yalikaa vizuri, yakaonekana kabisa juu, yaking'aa, na mimi nikasimama hapo nikiwa na furaha ambayo sijaiona tangu siku ya harusi yangu. Nikaliambia lile ua, "Sasa kula." (Haya ndiyo maongezi niliyosema tuliongea.)

Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, mdomo ukaniwasha. Nikainua mkono nikasimama nikasema ua letu liko salama na kwamba nimeanza kulilisha. Watu wakapiga makofi. Mama Kasyoka, yule mwenyekiti wetu wa mwethya, akasimama palepale. Mwethya ni ile kazi yetu ya pamoja, leo tunalima kwa fulani, wiki ijayo tunajenga mtaro kwa mwingine, na Mama Kasyoka akisema neno kuhusu mwethya hata Pasta anangoja amalize.

"Mzee Kilonzo amefanya vizuri," akasema, "lakini kwa nini alilishe peke yake na mwamba ni wetu sote? Jumamosi tunaenda. Kila mtu na karai lake."

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimesimama bado, ningesema tu jamani linatosha. Lakini makofi yalikuwa matamu, na tena kwa mwethya kuna tabia yetu ya tangu zamani, hakuna anayekuja mikono mitupu na hakuna anayerudishwa na alichobeba, utamrudishaje mjane aliyechota karai la mwisho la zizi lake akalibeba kichwani mpaka mwambani? Jumamosi wakaja. Wakaja watu ambao hata kwenye shamba langu hawajawahi kuja. Mbolea ya mbuzi, ya ng'ombe, ya kuku, mmoja akaleta majivu, mwingine akaleta maji aliyooshea mchele maana alisikia yana vitamini. Halafu wanaume wakaona maji yanataka kuteremka upande wa chini, na Mkamba akiona maji yanateremka mkono wake unaanza kupanga mawe bila kuambiwa, wakajenga ukingo mzuri wa mawe, nusu duara, wakasiliba na udongo mweusi. Kufika saa sita ua lilikuwa limesimama katikati ya kidimbwi cheusi cha mbolea, limezungukwa na watu wakiimba. Tukaomba, tukala muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, tukaenda nyumbani. Mbithe hakuja. Alisema ana nguo za kufua.

Jumatano majani yalikuwa laini. Alhamisi nilipofika asubuhi bua lilikuwa limeinama upande, na wageni walikuwa wanakuja Ijumaa. Nikasema wacha nilinyooshe kidogo. Nililishika kwa vidole viwili tu, taratibu, na likatoka. Lote. Liliteleza likabaki mkononi mwangu na vile vitunguu vyake vilikuwa vimegeuka uji wa kahawia, harufu yake sitaki kuizungumzia, ilikuwa ya kitunguu kilichosahauliwa kwenye gunia.

Nilikaa chini. Nawaambia ukweli, nililia. Nilikuwa naliona lile tangi likiwa tupu, naiona barabara ya kokoto ikipita pale ukuta ulipokuwa, namwona Mbithe na magoti yake mabovu akiinama mtoni kufukua mchanga, na yote hayo kwa sababu ya nusu debe. Namba ya simu ya Daktari Wanza nilikuwa nayo. Nilitoa simu, nikaiwasha, nikaitafuta namba nikaipata, halafu nikafikiria yale makofi ya kanisani, nikaizima nikaiweka mfukoni. Hapo ndipo nilipokosa kabisa, kuliko hata mbolea.

Nilichofanya ni hiki. Nilikata fimbo nyembamba ya mti wa mukau, nikalifunga lile bua kwa nyuma na uzi wa konge, nikasukuma vile vitunguu vilivyooza chini, nikachomeka fimbo. Kwa mbali lilisimama vizuri sana. Lakini ule udongo tuliouleta ulikuwa tope, na fimbo kwenye tope hufanya nini, inalala. Nikaisimamisha, ikalala. Nikaweka mawe, yakazama. Mwishowe nikaona hakuna njia isipokuwa kesho nisimame mwenyewe nyuma ya ua, karibu kabisa, mkono mmoja nyuma ya bua nimeishika fimbo, kama askari wa heshima. Mtu akiuliza nitasema nalilinda.

Ijumaa ikafika. Hema lilisimikwa, viti vikaletwa kutoka kanisani, kwaya ikavaa sare. Kamati ilikuwa ya watu wanne, na mwenyekiti wao alikuwa mzee mmoja mpole, mnene, aliyekuja na viatu vipya vya ngozi rangi ya maziwa (sijui ni nani alimshauri avae hivyo kuja Iviani). Kampuni ya kokoto nayo ilimtuma kijana mmoja na daftari, ana adabu, alisalimia kila mtu kwa mikono miwili. Na Daktari Wanza akaja akitabasamu kutoka mbali, akanipungia mkono. Mimi nilimpungia kwa mkono wa kushoto maana wa kulia ulikuwa kazini.

Aliposogea nikaona lile tabasamu linaanza kupungua. Aliangalia ukingo wa mawe. Akaangalia kidimbwi. Akaniangalia mimi. Kabla hajafungua mdomo chifu msaidizi akatangaza kwamba Mzee Kilonzo, Daktari wetu wa Udongo, atawaeleza wageni hili ua linapenda udongo wa aina gani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaeleza. Nikasema ni ua linalopenda mbolea ya mbuzi iliyoiva, na udongo mweusi wa bondeni, na maji mengi, na kwamba nililikuta likiwa na njaa nikalinusuru. Nikasema hata majivu linayapenda. Nilikuwa naongea na jasho linateremka mpaka kwenye soksi, na kila nikiongeza sentensi Daktari Wanza anafunga macho kidogo. Mwenyekiti wa kamati aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akasogea karibu zaidi ili anuse maua.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Wangepiga picha wakaenda. Lakini Pasta akasimama akasema haiwezekani tuendelee bila kuukabidhi mwamba kwa mwenye mwamba. Akasema kila mtu afumbe macho na ainue mikono yote miwili juu.

Nikainua wa kushoto.

Pasta alianza kuomba, halafu akanyamaza. Nilisikia ule unyamavu ukinitafuta. Nikafungua jicho moja nikakuta na yeye amefungua moja.

"Mzee Kilonzo," akasema kwa upole, "mbele za Mungu hatutoi nusu. Mikono yote miwili."

Ningefanya nini? Mbele ya kanisa lote, kamati yote, kampuni, mke wangu? Niliinua wa pili. Fimbo ilisimama kidogo, muda wa kusema amina haraka haraka, halafu ikaanza kulala mbele, polepole, na bua, na maua, na uzi wa konge, na vitunguu vikang'oka kwa sauti fulani ya tope, vyote vikaenda kulala juu ya vile viatu rangi ya maziwa. Mwenyekiti alifumbua macho akaangalia chini. Hakusema kitu. Ile harufu ilisema kwa niaba yake.

Pasta akashusha mikono. Daktari Wanza aliingia kwenye tope na viatu vyake, akaliokota lile bua, akaifungua ile fimbo bila haraka, akavishika vile vitunguu vikamwagika kati ya vidole vyake. Alipouliza hakupaza sauti.

"Nani aliweka mbolea hapa?"

"Ni mimi," nikasema.

"Ni sisi," Mama Kasyoka akasema nyuma yangu. "Kila mtu alileta karai."

Watu wote wakaitikia kwamba ndiyo, waliileta, na yule wa majivu akataja majivu yake, na sijawahi kuwapenda majirani zangu namna hiyo wala kuona aibu namna hiyo kwa wakati mmoja. Daktari Wanza alikuwa anataka kulia. Aliambia kamati kwamba hili ndilo alilowaleta kuona, na kwamba hana lingine la kuwaonyesha. Yule kijana wa kampuni aliandika kitu kwenye daftari lake. Mwenyekiti akasema kwa masikitiko kwamba kamati inaandika inachokikuta, na inachokikuta ni hiki kilicho juu ya viatu vyake.

Mbithe ndiye aliyesimama. Mke wangu si mtu wa mikutano, hukaa nyuma na leso yake, lakini alikuja mpaka mbele akasimama karibu na Daktari Wanza akaangalia kile kitu mkononi mwake.

"Mwanangu," akamwambia, "hiki kinapenda udongo gani hasa?"

Daktari Wanza akajipangusa uso kwa mkono akaeleza, na mimi nikasikiliza kwa mara ya kwanza. Alisema linapenda mchanga mnene wenye vipande vya mwamba, umaskini wa udongo, majani kidogo yaliyooza, maji yanayopita bila kukaa. Alisema mbegu yake ni vumbi, haina chakula ndani, na kwamba kuna kuvu fulani nyembamba kama nyuzi zinazoishi kwenye udongo wa namna hiyo ndizo huilisha mpaka ikue, na mbolea nyingi na tope huziua zile kuvu na kuozesha mizizi. Linaishi pale ambapo hakuna mtu anataka kulima.

"Mchanga wa kuanguka kutoka kwa mwamba," Mbithe akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi twende juu ya ukuta. Nyuma, kule tunakomwaga."

Mimi sikujua anaongea habari gani. Kumbe kila mwaka kabla ya mvua akina mama hupanda mpaka kwenye ukuta, huzoa ile changarawe na mchanga ulioteremka ukajaa nyuma yake, na huumwaga upande wa pili kwenye genge. Wamefanya hivyo tangu ukuta ujengwe. Wanaume hatuendi, tunasema hiyo ni kazi ya kusafisha maji.

Tulipanda wote, kamati mbele, mwenyekiti na viatu vyake vya mbolea, mimi nyuma nikitambaa kwa mikono na miguu. Na kule kwenye genge, juu ya lile rundo la changarawe ambalo wake zetu wamelimwaga miaka yote, yalikuwa yamesimama. Mengine yana majani tu, mengine yameanza kutoa bua, maana kule nyuma jua huchelewa kidogo. Daktari Wanza alihesabu mpaka kumi na saba akaacha kuhesabu akakaa chini. Mwenyekiti alivua viatu akavishika mkononi, akazunguka polepole na soksi asije akakanyaga kitu, halafu akamgeukia yule kijana wa kampuni akamuuliza kama na yeye anaona anachokiona yeye. Kijana akasema ndiyo, akafunga daftari.

Daktari Wanza akaniangalia. "Mzee, nilikuuliza kama kuna mengine."

(Hapa kuna jambo sikuwaambia. Siku ile ya kwanza aliniuliza kweli, na mimi nikamjibu mbele ya watu wote kwamba nimeuzunguka mwamba wote na ni hilo moja tu. Sikuwa nimepanda kupita tangi tangu nikiwa kijana.)

Nikaomba msamaha, kwake, kwa kamati, na kwa Pasta kwa sababu ya mkono. Pasta alisema Mungu ameona yote miwili.

Barua ilikuja kabla ya Krismasi. Mwamba haupasuliwi, ukuta unabaki, tangi linabaki, na walinzi wa okidi ni kikundi cha akina mama wa Iviani ambao wataendelea kumwaga changarawe yao palepale. Kuna sentensi moja mwishoni inayosema hakuna mtu anaruhusiwa kupeleka mbolea, udongo au maji kupita tangi. Haikutaja jina, lakini ilisomwa kanisani na kanisa lote likageuka kuniangalia. Nilicheka na wao. Ningefanya nini, na bomba lilikuwa linatiririka nje watu wakisikia?

Lakini jambo lililoniuma liko mahali pengine. Ile jioni tuliporudi kutoka juu nilimuuliza Mbithe kwa nini hakuniambia. Wiki tatu nzima nakaa pale chini nalilinda ua moja, yeye anajua yako mengi.

"Ulisema ni moja," akajibu. "Daktari wa Udongo ni wewe. Uliniuliza lini?"

Nikafikiria ningemjibu nini. Nikarudi nyuma mwaka huu, mwaka jana, mwaka juzi, nikitafuta siku moja ambayo nilimuuliza mke wangu kitu chochote kuhusu shamba analoinamia kila siku, nikakosa. Nilikuwa nimesugua udongo wa kila mtu Migwani. Nilifika mpaka Kiboko kuuliza.

Basi nimeapa, na naapa tena mbele yenu, kwamba sitalisha kitu tena kabla sijajua kinakula nini. Msimu huu mawingu yalipoanza kujikusanya nilimletea Mbithe kiti nje, nikamuuliza ndengu tupande wapi. Aliyaangalia mawingu kwanza. Halafu akanyoosha mkono akaonyesha kile kipande cha juu chenye mchanga, ambacho mimi nilishasema hakifai kitu. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Tumepanda huko. Bado hazijaota, na kila asubuhi naenda kuziangalia nikiwa na mikono mfukoni.